Filamu za siasa na mauaji za Kerala: chama cha kubuni, umati, damu na bodi wanavimudu vipi?

Mzee_wa_Kibanda

Wakuu salaam. Swali hili ni kwa wanaoitazama sinema ya Kimalayalam (lugha ya Kerala, jimbo la kusini mwa India) kwa jicho la fundi. Lucifer (2019), Nayattu (2021), Malik (2021), Pada (2022): zote zimechanganya siasa na uhalifu, na bajeti zao ni ndogo ukizilinganisha na za Mumbai, lakini ukitazama unahisi umesimama barabarani Kerala siku ya vurugu.

Nina mambo manne. Chama cha kubuni wanakijengaje mpaka mtazamaji akiamini, na chama halisi kisipate pa kushika? Maandamano ya watu elfu wanayapigaje? Damu kwenye zile nguo zao nyeupe wanafanyaje? Na bodi ya ukaguzi inaingia wapi, maana nasikia Empuraan, mwendelezo wa Lucifer, ilikatwa na bodi ikiwa tayari iko kumbini. Jibu la "jamaa wana vipaji" nimeshalisikia, asanteni.

---

Shamba_la_Picha

Mkuu, anza na chama. Hapo pakikosewa, hayo mengine ni mapambo tu.

Siasa za Kerala zimezunguka kambi mbili kwa miongo mingi: LDF ya mrengo wa kushoto, na UDF inayoongozwa na chama cha Congress. Mtazamaji wa kule kakulia humo. Kwa hiyo waandishi hubuni herufi na kuacha rangi kama zilivyo. Lucifer ilikuja na chama kiitwacho IUF. Chama hicho hakipo, lakini hakuna mtu ukumbini aliyehitaji kuelezwa kinasimama upande gani. Ukikipa chama cha kubuni bendera ya zambarau ili uwe salama, umemtoa mtu kwenye hadithi kabla hajamaliza bisi zake.

Idara ya sanaa hukijenga chama kama ofisi inayoanza kazi kweli: alama, mhuri, vitabu vya stakabadhi za michango, kalenda, beji, picha za waasisi ukutani (hupigwa wazee wasio na sura ya televisheni, kisha karatasi inachakazwa kwa chai na jua). Halafu kuna kuta. Kule chama hupaka ukuta chokaa na kuandika kwamba umeshachukuliwa, na kwa uchaguzi wa mwaka gani, muda mrefu kabla ya kampeni. Ukuta mmoja wa namna hiyo nyuma ya mwigizaji unafanya kazi ya kurasa tatu za maelezo. Ila omba ruhusa ya mwenye ukuta kwa maandishi, na upake upya siku hiyohiyo mnapoondoka.

Bendera: pamba, sio satini. Satini inarudisha mwanga na inaonekana ya dukani hata kupitia lenzi. Fua mara mbili, anika juani siku tatu. Mtu mmoja ahesabu zinazotoka na zinazorudi. Bendera ya chama kisichokuwepo ikisahauliwa kwenye nguzo ya kijiji huleta maswali ambayo mwongozaji hayawezi.

Namba za magari ndipo wageni wanapoumbuka: KL ni Kerala, na nambari inayofuata ni eneo gari lilikosajiliwa. KL-01 ni Thiruvananthapuram, KL-07 Ernakulam, KL-11 Kozhikode, KL-13 Kannur, KL-58 Thalassery. Wauaji wakija na gari la KL-58, ukumbi mzima umeshajua wametoka wapi na ugomvi ni wa aina gani, kwa sababu eneo la Kannur lina historia ndefu ya mauaji ya kisiasa. Sasa hadithi ikiwa ya 1996 kama Pada, ambayo inatokana na tukio la Palakkad la tarehe 4 Oktoba mwaka huo, wanaharakati wanne walipomshikilia mkuu wa wilaya ofisini kwake, KL-58 ilikuwa haijazaliwa. Na magari ya kabla ya 1989 yalikuwa na mfumo mwingine kabisa wa herufi.

Polisi ni vilevile. Mpaka kama 2017, bosi wa kituo cha Kerala kwa kawaida alikuwa Sub-Inspekta, nyota mbili begani. Kuanzia 2018 nafasi hiyo ikaanza kupewa Inspekta, nyota tatu. Mauaji kabla ya Julai 2024 yanatajwa kwa kifungu 302 cha sheria ya zamani ya makosa ya jinai. Sheria mpya ilipoanza tarehe 1 Julai mwaka huo yakawa 103. Mwigizaji akisema 302 ndani ya hadithi ya 2025, wanasheria wote ukumbini wanacheka kwa pamoja. Nayattu haikuteleza huko kwa sababu mwandishi wake, Shahi Kabir, alikuwa polisi kabla ya kuandika filamu, na hiyo ndiyo iliyompa tuzo ya taifa ya mswada asilia. Angalia inavyofuata karatasi: taarifa ya kwanza ya kosa, kitabu cha kituo, hati ya ukaguzi wa eneo wanayoiita mahazar. Siasa yote ya filamu ile iko kwenye nani anaandika nini, saa ngapi.

---

Tripodi_Mbovu

Naingia kwenye umati.

Watu elfu moja hawakodiwi. Unakodi 150 hadi 200 na kuwatumia vizuri. Safu tatu za mbele ni waigizaji wa ziada waliozoea, wanaojua kupiga kelele mara kumi bila kumtazama mpigapicha. Nyuma yao wenyeji. Kamera ya kwanza ndani ya umati, mkononi, lenzi ya milimita 24 hadi 35. Ya pili juu ya paa au ghorofa ya pili, lenzi ya 85 kwenda juu, na barabara iwe na mteremko au kona. Lenzi ndefu inawabana watu. Mia na hamsini wanaonekana mia nne. Kona ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi: mkia wa maandamano usipoonekana, akili inaumalizia yenyewe.

Ukitaka ile shoti moja pana ya uwanja umejaa, ndipo unapounganisha vipande. Watu 200 wakihamishwa mara tano ni elfu. Utaratibu:

Kamera kwenye tripodi iliyowekewa mifuko ya mchanga, isiguswe. Fokasi, mwanga na rangi vifungwe, hakuna chochote cha otomatiki. Gawa uwanja kwa kamba au unga, kila kipande kiingiliane na jirani yake mita moja hivi. Piga kipande cha kwanza, hamisha watu, piga cha pili, mpaka mwisho, kisha uwanja mtupu peke yake. Yote yaishe ndani ya dakika 20, la sivyo vivuli vinahama na kipande cha tano kitakuwa na jua la nchi nyingine.

Yanayoharibika: bendera kupepea juu ya mstari wa maungio (mpakani weka watu wasio na bendera), mzee mwenye upara na shati la njano kuonekana mara tano (badilisha mashati na ugeuze safu kila mnapohama), upepo kubadilika mwelekeo katikati. Hilo la upepo halina dawa, mnangoja au mnarudia.

Droni: chini ya kanuni za India za 2021, ukanda wa kijani unaruhusiwa mpaka futi 400 bila kibali cha kuruka, na karibu na uwanja wa ndege, kati ya kilomita 8 na 12, unashuka mpaka futi 200. Kochi sasa ni habari nyingine, kuna kamandi ya jeshi la majini pale. Angalia ramani ya serikali kabla ya kumuahidi mwongozaji shoti ya daraja.

Malik nayo ilichagua njia ngumu kwa makusudi. Inafunguka kwa shoti moja ya kama dakika 12, ndani na nje ya nyumba iliyojaa wageni wanaomuaga mtu aendaye Hija. Mwongozaji wake, Mahesh Narayanan, ni mhariri kwa asili, akaihariri mwenyewe. Mpigapicha ni Sanu John Varughese. Shoti ya namna hiyo haina pa kuficha taa za sinema, kwa hiyo taa zinazoonekana ndizo zinazomulika: balbu za sherehe, taa za jikoni, taa za mirija za ukutani, kila moja na kipunguza mwanga chake. Anayevuta fokasi anafanya kazi kwa rimoti kutoka chumba kingine. Na waigizaji wa ziada ndio saa yenu: yule aliyebeba sinia akichelewa sekunde mbili, dakika tisa zilizotangulia zinatupwa.

---

Mzee_wa_Kibanda

Shukrani sana wakuu. Na mvua? Kila mauaji Kerala yanatokea mvua ikinyesha.

---

Tripodi_Mbovu

Mvua yao kubwa ni ya Juni mpaka Septemba, ndugu yake na kusi yetu. Lakini mvua halisi haionekani kwenye kamera kama mwanga hautoki nyuma yake, na haikungoji ukitaka kurudia. Kwa hiyo hata katikati ya msimu wanamwagilia. Hesabu ni ya maji: lori la lita 12,000, vichwa viwili vya kumwagia vinavyotoa lita 200 kwa dakika kila kimoja, una nusu saa tu. Zima kati ya tek na tek. Taa moja kubwa juu nyuma ya mvua, lenzi itazame kwenye giza, si ukuta mweupe. Lowesha ardhi yote inayoonekana kabla ya kuanza, la sivyo mtazamaji anaona mvua inayonyesha kwenye mita kumi tu. Na jenereta ikae juu ya mbao, nyaya zininginizwe. Hili si la urembo, watu hufa.

---

Bi_Sindano

Kaka hapo juu kauliza habari ya nguo nyeupe. Ile nguo inaitwa mundu (yetu ni ya kukatia nyasi, yao ni ya kuvaa). Ni kama msuli, pamba nyeupe au rangi ya maziwa, yenye mstari pembeni. Kwa mwanasiasa ule mstari ni kadi ya chama, kwa hiyo mavazi na idara ya sanaa lazima wakubaliane rangi siku moja.

Mundu hukunjwa na kupachikwa kiunoni mtu akitaka kutembea haraka au kupigana. Kila mtu Kerala anajua maana ya kiongozi kuukunja mbele ya watu, ndiyo maana Mohanlal, nyota wa Lucifer, anapoukunja ukumbi unapiga miluzi kabla hajarusha ngumi. Kwa fundi wa mavazi ni balaa. Umekunjwa au umeshushwa? Mkunjo uko kushoto au kulia? Piga picha mwanzo na mwisho wa kila shoti. Kwenye mapigano shona velkro ndani ya kiuno na uvalishe kaptura ya rangi ya ngozi, maana mundu wa kweli hauvumilii teke la tatu.

Kwa anayekatwa mapanga, andaa mundu sita zinazofanana, zote zimefuliwa mara idadi ileile. Nguo mpya haifyonzi damu kwa sababu ya wanga wa kiwandani. Damu inateleza juu kama maji kwenye jani la mgomba.

Damu ya msingi: sukari kilo moja kwa nusu lita ya maji, chemsha mpaka iwe nzito, acha ipoe kabisa. Rangi nyekundu ya chakula mililita 30, matone matano ya buluu, kijiko kimoja cha kakao ili isiwe ya kioo. Kwa nguo, ongeza vijiko viwili vya sabuni ya maji ya vyombo, itafulika. Kwa mdomoni, usiweke sabuni. Chupa mbili, zenye rangi tofauti za vizibo, na mtu mmoja tu azishike. Sukari huita sisimizi na nzi, na maiti anayepigwa kope na nzi anapepesa. Ikiwa shoti ni ndefu ya nje, tumia uji wa CMC (unga wa kuzitisha vimiminika) badala ya sukari.

Ijaribuni mbele ya kamera na taa za usiku huo. Chini ya mwanga wa machungwa inakuwa sosi ya nyanya. Chini ya mwanga wa buluu wa mbalamwezi inakuwa lami, hivyo punguza kakao na uongeze nyekundu.

Panga: la mpira kwa kupiga, la alumini lisilo na makali kwa kuonyesha karibu, na hayo mawili yasilale meza moja.

---

Kinasa_Mawimbi

Hakuna aliyegusa sauti, na ndiyo inayowasaliti wengi.

Kaulimbiu za maandamano zinaongozwa: mmoja anatoa, umati unaitikia. Kwenye eneo rekodi kwa ajili ya midomo tu. Ukishamaliza picha, kabla watu hawajalipwa (wakishalipwa hutawaona), chukua 25 hadi 30 wenye koo nzuri, wapeleke mahali pasipo barabara, warudie kila kaulimbiu mara nne: karibu, mbali, wakitembea kupita maiki, na wakiwa wamechoka. Badilisha nafasi zao kila mara. Ukizipanga moja juu ya nyingine unapata mia na zaidi. Kosa la kawaida ni kunakili rekodi moja mara nne, sikio linaijua mara moja, inakuwa kama redio mbili zenye stesheni moja.

Lahaja nazo: Kimalayalam cha Kannur, cha Thrissur, cha Kochi na cha pwani ya Thiruvananthapuram havifanani, na mwanasiasa anayekosea lahaja ya jimbo lake ni kichekesho. Kuna anayesimamia matamshi kuanzia mazoezi ya mswada mpaka chumba cha kuingizia sauti. Mwigizaji asiyejua lugha huwekewa sauti ya mwingine. Kwenye Lucifer, adui ni Vivek Oberoi lakini sauti ni ya Vineeth, naye akapata tuzo ya jimbo ya uingizaji sauti, iliyohesabu pia kazi yake kwenye filamu nyingine, Marakkar. Ili hilo lifanikiwe, mwigizaji lazima aseme Kimalayalam chake cha kukariri mbele ya kamera, kwa kasi sahihi. Akihesabu namba au akisema Kihindi, midomo haitakubali hata mwingizaji awe malaika.

Malik, kwa taarifa yako, ilipata tuzo ya taifa ya uchanganyaji wa mwisho wa sauti, Vishnu Govind na Sree Sankar. Isikilize kwa spika, sio simu.

---

Karani_wa_Sinema

Mkuu Mzee, nikusahihishe. Empuraan haikukatwa na bodi baada ya kutoka. Bodi Kuu ya Uthibitishaji, CBFC, ilikuwa imeshaipa cheti, ikatoka tarehe 27 Machi 2025. Kelele za vipande vinavyogusa ghasia za Gujarat za 2002 zilipozidi, watengenezaji wenyewe ndio waliopeleka maombi ya kurekebisha: mabadiliko 24, kama dakika mbili zikaondoka, na adui aliyeitwa Bajrangi akawa Baldev. Kisheria ni tofauti kubwa. Bodi ikidai mkato unaweza kukata rufaa kwenye kamati ya marudio, na ikishindikana Mahakama Kuu, kwa kuwa baraza la rufaa la filamu lilifutwa 2021. Ukijikata mwenyewe huna wa kumshtaki.

Utaratibu wa kawaida kwa filamu ya aina hii: jina la filamu linasajiliwa kwanza kwenye chama cha wafanyabiashara wa filamu. Mswada unapitiwa na mwanasheria akitafuta majina, vyeo, tarehe na maeneo yanayomtambulisha mtu aliye hai. Picha ikishakamilika inapelekwa ofisi ya bodi Thiruvananthapuram pamoja na mazungumzo yote yaliyoandikwa. Tangu 2024 madaraja ni U (watu wote), UA 7+, UA 13+, UA 16+ (kwa umri, chini ya hapo kwa uangalizi wa mzazi) na A (watu wazima tu). Vita vya prodyuza viko kati ya hayo mawili ya mwisho, na sababu ni televisheni. Filamu ya A haionyeshwi kwenye runinga bila kuthibitishwa upya, na bodi inaweza kukataa, kama ilivyokuwa kwa filamu ya Marco mwaka 2025. Ndiyo maana utaona panga linainuliwa, kisha kamera inahamia kwenye uso wa mtu aliyekuwa anangoja basi.

Vidogo vinavyochelewesha cheti: sigara ikionekana, onyo liandikwe chini ya picha muda wote inaoonekana, na tangazo la afya liwekwe mwanzo na katikati. Mnyama yeyote, hata ng'ombe anayepita nyuma ya mgombea, anahitaji karatasi za bodi ya ustawi wa wanyama, na ombi hutangulia upigaji. Tembo wa sherehe za hekalu ndio usijaribu kwa haraka.

Kuhusu uchaguzi: Aprili 2019 Tume ya Uchaguzi ya India ilizuia filamu ya maisha ya Waziri Mkuu mpaka kura ziishe. Lucifer ilikuwa imetoka tarehe 28 Machi, Kerala ikipiga kura 23 Aprili, na haikuguswa, kwani vyama na watu wake ni wa kubuni. Nayattu, ambayo hadithi yake inasukumwa na uchaguzi, ilitoka 8 Aprili 2021, siku mbili baada ya Kerala kupiga kura.

---

Mzee_wa_Kibanda

Nimesahihishwa, asante Karani. La mwisho: filamu ikiwa tayari iko kwenye mamia ya kumbi, hayo mabadiliko 24 yanafikaje?

---

Karani_wa_Sinema

Filamu ya ukumbini ni faili lililofungwa, na kila skrini ina ufunguo wake wenye tarehe ya kuanza na kuisha. Faili limegawanywa vipande, kwa kawaida vya kama dakika 20. Unatengeneza upya vile vilivyoguswa tu, picha na sauti, unavituma kama nyongeza pamoja na orodha mpya ya mpangilio inayoiambia seva ichukue kipande cha pili kutoka faili jipya na cha tatu kutoka la zamani. Halafu unatoa funguo za toleo jipya na kuacha za zamani ziishe. Jina likibadilika, si sauti tu: angalia vibao, magazeti ya kwenye filamu, maelezo ya chini ya picha na orodha ya waigizaji mwishoni. Empuraan ilikuwa na lugha tano, kwa hiyo kazi hiyo unaifanya mara tano, na kila toleo la lugha lina cheti chake. Penye mabadiliko ya jina, mwigizaji arudishwe studio kwa lugha zote, na jina jipya liwe na silabi zinazokubaliana na midomo. Bajrangi ni silabi tatu, Baldev ni mbili, lakini yote yanafungua kwa B, mdomo umefumbwa, na hapo ndipo mtazamaji anapoangalia.